Virusi, Vijasumu na Chikungunya: Uhakiki wa Istilahi za Vijidudu

Wajadilio istilahi za sayansi katika Kiswahili wamezoea kusimama pande mbili lifikapo suala la majina ya viumbe visivyoonekana kwa macho matupu. Wako wasemao kwamba majina hayo ni ya Kilatini, na kwa kuwa Kilatini hakina mwenyewe siku hizi, ni mali ya walimwengu wote. Kazi yetu sisi ni kuyatia irabu mwishoni yapate kutamkika. Na wako wasemao kwamba kila jina la kigeni ni deni, na deni hulipwa kwa neno la Kibantu, au angalau la Kiarabu lililokwisha kuzoeleka. Mabishano haya ni ya siku nyingi na yamezaa matunda yake, miongoni mwayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Walakini naona kwamba pande zote mbili zimebishana juu ya ganda. Majina yenyewe hayakufunguliwa tukaona yana nini ndani. Na kutoyafungua huko kumetuachia angalau istilahi moja ambayo kasoro yake haiishii katika sarufi, bali yaingia katika afya za watu. Istilahi hiyo ni kiuavijasumu.

Mifano yangu nitaielekeza hasa katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Nimeichagua sehemu hii kwa sababu maneno ninayoyahakiki si mageni huko hata kidogo. Homa ya dengue iliripuka Mombasa mwaka 2013, ikarudi tena zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Chikungunya iliingia mwishoni mwa mwaka 2017 ikaendelea hadi 2018. Na korona ilipofika Kenya mwezi Machi 2020, abiria wa kivuko cha Likoni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutakiwa wakae mbalimbali. Tena ni sehemu ambapo Kiswahili hakisemwi peke yake. Likoni na Mtongwe kuna Wadigo. Kisauni, Kimvita kinagusana na Kigiryama. Changamwe imekuwa kwa miaka mingi makao ya wafanyakazi wa bandari, wa reli, na wa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofanya kazi hiyo tangu 1963 hadi 2013, watu waliokuja na Kiswahili chao kutoka bara ya mbali. Istilahi iliyotungwa mezani ikipitishwa mahali kama hapo, uzito wake hujulikana upesi.

Tuanze na majina yenyewe. Mtu wa kwanza kuviona vijidudu hivi na kuvieleza alikuwa muuza nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Katika miaka ya 1670 alitazama tone la maji kwa kioo alichokisugua mwenyewe, akaona viumbe vinapita huku na huko. Leeuwenhoek hakujua Kilatini. Barua zake alizipeleka London kwa Kiholanzi, na humo aliviita kwa neno la nyumbani kwao lenye maana ya wanyama wadogowadogo, nalo limefanywa dogo kwa kiambishi cha udogo cha lugha yake. Yaani alisema vijidudu. Wafasiri ndio waliovivika vazi la Kilatini, vikawa animalcula, neno ambalo nalo si zaidi ya mnyama aliyetiwa udogo. Kwa hiyo yule mama wa Kisauni asemaye kwamba maji haya yana vijidudu asidhaniwe kuwa yuko nyuma ya sayansi. Amesema alivyosema mwenye kuona wa kwanza, na kwa njia ileile ya kisarufi.

Linnaeus, baba wa majina ya viumbe kwa maneno mawili, hakuwa na hamu navyo. Katika chapa ya mwaka 1767 ya kitabu chake kikubwa alivikusanya vingi vyao katika jenasi moja, akaiita Chaos, yaani vurugu. Waliomfuata ndio waliovigawa, na ajabu ni kwamba walipotafuta majina walikwenda jikoni, shambani na ghalani. Mdenmarki O. F. Müller alitoa jina la Vibrio mwaka 1773, kutokana na kitenzi cha Kilatini vibrare, kutikisika. Mjerumani Ehrenberg alitoa Bacterium mwaka 1828, kutokana na neno la Kiyunani bakterion, fimbo ndogo. Mwenzake Ferdinand Cohn akaimarisha Bacillus mwaka 1872, na bacillus ni neno la Kilatini lenye maana ya fimbo ndogo vilevile. Kwa Kiswahili chema yote mawili ni kijiti. Staphylococcus ni punje katika kichala cha zabibu, maana ndivyo zinavyoonekana zikikusanyika chini ya hadubini. Na aureus ni ya dhahabu, kwa rangi ya mkusanyiko wake unapooteshwa sahanini.

Nafungua mabano kidogo hapa. Tumezoea kuyaita majina haya ya Kilatini, lakini sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Kiyunani yaliyotiwa miisho ya Kilatini. Bakterion, kokkos, plasma, haya yote ni Kiyunani. Kilatini kimefanya kazi ya mshonaji, kitambaa kimetoka kwingine. Hili si jambo la kutustaajabisha sisi wenye lugha iliyolipokea kitab la Kiarabu na kulishonea vitabu.

Jina lililo karibu nasi zaidi ni Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta takriban malaria yote ya pwani ya Kenya. Alphonse Laveran alikiona kwa mara ya kwanza katika damu ya askari mjini Constantine, Algeria, mwaka 1880. Jenasi Plasmodium ilitajwa na Marchiafava na Celli, Waitalia, mwaka 1885, na neno falciparum lilitolewa na Mmarekani William Welch mwaka 1897. Falx kwa Kilatini ni mundu. Parere ni kuzaa. Falciparum basi ni kinachozaa mundu, kwa sababu chembe zake za uzazi zimepinda kama mwezi mwandamo. Mtu asemaye kwamba Kiswahili hakiwezi kuunda neno la namna hii na atazame kifungua na mimba katika kifunguamimba, au kitinda na mimba katika kitindamimba. Muundo ni mmoja: kitenzi, kisha kitendwa chake, na mbele yake kiambishi cha ngeli. Kizaamundu kingekuwa Kiswahili safi. Sisemi kwamba tukitumie. Nasema kwamba tujue tulichokiacha tulipoandika falsiparamu.

Maana hiyo falsiparamu, na wenzake wa namna hiyo, ni istilahi zisizo na faida kwa yeyote. Mwanafunzi wa Kiswahili hapati picha ya mundu ndani yake. Mtaalamu wa maabara hawezi kuitumia, kwa kuwa jina la kisayansi la spishi huandikwa kwa namna moja duniani kote, na kanuni za kimataifa za majina hazimruhusu mtu kulitohoa. Tena tunaharibu kitu ambacho sisi, kuliko wengi, tungekithamini, nacho ni upatanisho.

Wasemaji wa lugha nyingi za Ulaya hukariri majina haya kama kasuku. Mswahili akielezwa kanuni yake ataitambua mara moja. Jina la jenasi ni nomino yenye jinsi yake, na jina la spishi likiwa kivumishi, lazima lipatane nayo. Kijidudu cha ndigana kali ya ng'ombe kilielezwa na Arnold Theiler huko Afrika Kusini mwaka 1904, akakiita Piroplasma parvum, yaani piroplasma dogo. Ugonjwa wenyewe Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, kwa kuwa waliwatuhumu ng'ombe walionunuliwa katika pwani yetu na kupelekwa Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye kijidudu kile kiliwekwa katika jenasi nyingine, iliyoitwa Theileria kwa heshima ya mtu huyo. Piroplasma ni ya jinsi ya kati, Theileria ni ya kike. Basi parvum ikageuka kuwa parva. Maana haikubadilika hata chembe. Ni kama kusema jiwe dogo, halafu ukasema nyumba ndogo. Hali kadhalika kijidudu cha kaswende, kilichoitwa Spirochaeta pallida mwaka 1905, kiligeuka Treponema pallidum, kwa sababu ileile. Kivumishi chenye maana ya kufifia rangi kilifuata ngeli mpya. Ukiandika palida na palidamu kwa Kiswahili, umefuta sababu ya mabadiliko na kubakiwa na sauti mbili zisizo na uhusiano.

Kwa hiyo katika jambo hili mimi nasimama na wale wahafidhina kabisa. Jina la spishi liachwe katika Kilatini chake, lisiongezwe irabu wala kupunguzwa konsonanti, na lifafanuliwe kwa Kiswahili pale litajwapo mara ya kwanza. Jina ni kitu kimoja, na istilahi ni kitu kingine. Jina la spishi latumika kama jina la mtu, nasi hatulifasiri jina la mtu. Istilahi ya aina, kama bakteria, kirusi, kimelea au kuvu, ndiyo lugha yetu itakiwayo kuimiliki, na huko ndiko kwenye kazi.

Nimeandika kirusi kwa makusudi. Hapana neno lililogombaniwa kuliko hili. Virus katika Kilatini cha kale lilikuwa na maana ya majimaji yanayonata, na zaidi sana sumu. Lilikuwa neno la ajabu kwa Warumi wenyewe. Umbo lake lafanana na nomino za kiume ziishiazo -us, lakini upatanisho wake ni wa jinsi ya kati. Mwenye Kiswahili hashangai: kipofu na kiziwi yana umbo la KI na hupatana kama mtu. Jambo hili bado li hai hadi leo. Kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya virusi iliamua mwaka 2021 kwamba spishi zote za virusi zipewe majina ya maneno mawili, na virusi vya Zika, vilivyotambuliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, spishi yake sasa ni Orthoflavivirus zikaense. Mwisho huo ni -ense, si -ensis, kwa sababu ya jinsi ya kati ya neno virus. Warumi wamekwisha, upatanisho wao bado unafanya kazi juu ya jina la msitu wa Uganda.

Jambo la pili ni kwamba virus katika Kilatini cha kale halikutumiwa katika wingi. Lilikuwa kama maji au sumu kwetu, kitu kisichohesabika. Likapokewa na Kiswahili kuwa virusi, na hapo wasemaji wakafanya jambo ambalo hakuna kamati iliyowaagiza. Waliona vi- mwanzoni, wakaona ni wingi, wakautafutia umoja: kirusi. Kilatini hakikuwa na wingi wa neno hili. Kiswahili kilianza na wingi kikajipatia umoja. Wakati wa korona, mwaka 2020, kirusi cha korona na virusi vya korona yalisikika kote, redioni na vivukoni, wala hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Wako walimu walioliona jambo hili kuwa kosa. Hoja yao ni kwamba vi- ya virusi ni sehemu ya shina, si kiambishi, na kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi. Hoja ya pili haina uzito. Lugha yetu imeishi na kaa la moto na kaa wa baharini bila mtu kuunguzwa na kaa wa baharini. Hoja ya kwanza yastahili jibu. Ni kweli kwamba kwa asili vi- si kiambishi. Lakini ki- ya kitabu nayo si kiambishi kwa asili, ni konsonanti ya kwanza ya mzizi wa Kiarabu pamoja na irabu yake, na hapana anayesema tuache kuandika vitabu. Vivyo hivyo kwa kilabu na vilabu, na hata kipilefti na vipilefti vya barabarani.

Hata hivyo sikubaliani na wale wasemao kwamba sauti peke yake imetosha. Lau ingekuwa sauti tu, tungekuwa na kitamini kwa kuwa tuna vitamini, na viza ya msafiri ingezaa kiza. Hayakutokea. Wasemaji wameliacha vitamini katika ngeli ya N, na viza vilevile. Kwa nini basi virusi likachukuliwa? Naona sababu ni maana. Kirusi kilikuta wenzake wamekwisha kukaa: kidudu, kijidudu, kimelea, kiini, kiumbe. Ngeli ya KI/VI ndiyo nyumba ya vitu vidogo, na hasa vidogo vyenye uhai wa mashaka. Sauti ilifungua mlango, maana ikamkaribisha mgeni. Huu ni uamuzi wa kitaalamu kuliko nyingi nilizoziona katika orodha za istilahi, na ulifanywa na watu waliokuwa wakizungumza tu. Napendekeza kirusi liandikwe kamusini bila alama yoyote ya kulaumu.

Sasa nirudi kwenye kiuavijasumu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Neno hili latumiwa sana, hasa katika wingi wake viuavijasumu, kwa dawa ziuazo bakteria au kuzizuia zisiongezeke. Tulifungue. Kuna kiua, kiuacho. Kuna vijasumu, ambamo mna kidogoshi na mna sumu. Watungaji walitaka neno la vijidudu viletavyo ugonjwa, wakaona vijidudu hivyo ni vijisumu. Wazo si baya. Ni wazo lilelile la Warumi. Lakini hapa ndipo mambo yalipopitana. Neno la Kilatini lenye maana ya sumu limekwisha kuchukuliwa na aina nyingine ya vijidudu, na aina hiyo ndiyo ambayo dawa hizi haziiwezi kabisa. Tumeyaita bakteria sumu, na dawa yao tukaiita muuaji wa sumu. Na upande wa pili tumeacha neno lenye asili ya sumu lisimame pekee, bila mlinzi. Kwa herufi zake, kiuavijasumu ni kiuavirusi. Kwa kazi yake, sivyo hata kidogo.

Msomaji ataniambia kwamba asili ya neno si maana yake, na ataniambia kweli. Malaria ni Kiitalia, hewa mbaya, na hakuna mkazi wa Changamwe anayefunga madirisha kwa kuogopa hewa kwa sababu ya neno hilo. Asili iliyokufa haimdhuru mtu. Basi nakubali kwamba sumu iliyomo ndani ya virus imekufa, Mswahili haisikii. Lakini sumu iliyomo ndani ya vijasumu haikufa. Sumu ni neno la kila siku. Ni ya nyoka, ya panya, ya mihogo michungu, ya chakula kilicholala. Mtu anayeambiwa kwamba kidonge hiki ni kiuavijasumu hasikii bakteria. Anasikia kwamba ni kidonge cha kuondoa sumu mwilini, na sumu kwake ni chochote kilichomwingia kikamuumiza.

Tuchukue mfano. Mtu wa Mtopanga ameamka na homa, viungo vinamuuma hata hawezi kukunja ngumi wala kusimama wima. Ni chikungunya, na chikungunya ni ugonjwa wa virusi. Dawa ya bakteria haumsaidii hata kwa tembe moja. Mganga anamwambia anywe maji mengi, apumzike, ameze dawa ya maumivu. Mgonjwa anauliza kwa nini hapewi viuavijasumu, ilhali ni dhahiri kwamba kuna sumu imemwingia. Mganga ajibu nini kwa Kiswahili? Akisema kwamba viuavijasumu haviui virusi, amesema kweli, lakini lugha haimsaidii, kwa sababu hakuna kitu katika maneno hayo mawili kinachoonyesha kwamba vijasumu na virusi ni vitu mbalimbali. Itambidi atoe somo zima. Mgonjwa asiyeridhika aweza kwenda duka la dawa na kununua mwenyewe, na kila atumiaye dawa hizi pasipo haja anawapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Usugu wa bakteria kwa dawa ni tatizo la dunia nzima. Sidai kwamba umeletwa na istilahi. Nadai kwamba istilahi hii yawafungia wahudumu wetu mlango ambao ingefaa iwafungulie.

Na dawa ya istilahi hii tunayo, tena tumeikalia. Wakulima wetu wana kiuadudu na kiuagugu, maneno mawili yasiyomdanganya mtu: kila moja lataja kinachouawa. Kwa mfano huohuo tuseme kiuabakteria. Neno bakteria limekwisha kuenea, linatamkika, na mtoto wa shule analijua. Neno kijasumu na liachwe lipumzike. Nafahamu kwamba kamusi hulieleza vizuri, lakini kamusi haisomwi dirishani pa duka la dawa.

Nikiwa bado katika ugonjwa huo, yafaa nilitazame jina lake, kwa maana historia yake yaonyesha udhaifu wetu mwingine. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ngeni ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Daktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1955, na jina waliloandika ni lile walilolikuta kwa wenyeji, chikungunya, kutokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kupindika, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Vitabu vingi baada ya hapo vilisema ati ni neno la Kiswahili, na kosa hilo bado laonekana. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, ndugu wa kirusi hicho alilipuka kaskazini mwa Uganda, akapewa jina la Kiacholi, o'nyong-nyong.

Mtazame tofauti ya macho. Majina ya Ulaya niliyoyataja yalimtazama mdudu: ni kijiti, ni mundu, anatikisika. Majina yetu yamemtazama mgonjwa. Kipindupindu ni pindua iliyorudiwa, jinsi ugonjwa unavyompindua mtu. Pepopunda ni mkazo wa mwili. Chikungunya ni mgongo uliokunjika. Kipindupindu na Vibrio ni ugonjwa mmoja na yote mawili ni majina ya mwendo, ila mmoja alikuwa amesimama kitandani pa mgonjwa na mwingine ameinamia hadubini. Sioni kwamba jicho moja ni bora kuliko lingine. Waliotunga Vibrio cholerae waliyaunganisha yote mawili, mdudu kwanza, ugonjwa wake baadaye.

Sasa jina la Kimakonde limeingia katika Kilatini. Chini ya utaratibu ule wa mwaka 2021, spishi hii imeitwa Alphavirus chikungunya, bila kuongezwa mwisho wowote. Na ile ya Uganda, Alphavirus onyong. Dengue haikuachwa hivyo, imetiwa -i ya umilikishi ikawa Orthoflavivirus denguei, na hapo pana kichekesho, kwa kuwa haijulikani ni nani mwenye neno hilo. Wengine husema ni Kihispania. Wengine hufuata habari za daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja na kuandika mwaka 1881 juu ya milipuko ya huko ya 1823 na 1870, wakalihusisha na jina la Kiswahili alilolitaja, ki-dinga pepo. Ndugu zetu wa Tanzania huiita homa hiyo kidingapopo katika habari za afya; sisi Mombasa tunaandika dengue, tunalitamka kwa mashaka, na tunalizungushia neno homa ya ili tusilazimike kulipatanisha.

Na hivyo ndivyo tunavyofanya kwa chikungunya. Magazeti huandika homa ya chikungunya au ugonjwa wa chikungunya, ili upatanisho uangukie homa au ugonjwa. Likiachwa peke yake hupelekwa katika ngeli ya N, pamoja na malaria na kolera, kama kwamba limeshuka melini Kilindini. Limekwenda London na Geneva, likarudi limevaa koti, nasi tukalipa kiti cha wageni.

Lakini mpelekee neno hilo Mdigo wa Likoni. Katika lugha yake ngeli ya KI ni chi-. Lugha yenyewe aiita Chidigo, kitu ni chitu. Kimakonde nacho kina chi- hiyohiyo. Yeye hahitaji mwanaisimu amwambie kwamba chikungunya lina kiambishi na shina. Umbo lake ni la nyumbani. Wanafunzi wetu wakiligawa neno hili hivyo, wasisahihishwe. Mswahili naye, ambaye husema chakula kimeiva na chombo kimezama, amezoea ch- inayochukua upatanisho wa ki-. Hapana sababu ya kisarufi inayotuzuia kusema chikungunya kimeingia Kisauni, chikungunya hiki kimepungua. Kamusi zetu zitakapoliingiza neno hili, na zinapaswa kuliingiza, liwekwe katika ngeli ya KI, na penye alama ya asili pasiandikwe Kiingereza wala Kilatini, paandikwe Kimakonde.